Boriti Nne za Mayu Nyanjige

3 Juni 1974

Daftari hili lilikuwa la Apolonia, la hesabu za darasa la saba. Binti yangu amekwenda sekondari akaniachia kurasa nyingi nyeupe, na mimi sipendi kitu kilale bure. Nitaandika mpaka pamba iishe shambani, au kurasa ziishe, chochote kitakachotangulia. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho masista walichonifundishia kuandika. Kisukuma ni cha mdomoni.

Kilichonishikisha kalamu ni hiki. Rehana, mke wa Athumani mwenye duka pale Bariadi, anamwoza binti yake Mwanaasha kabla ya Ramadhani. Anataka mifarishi mitatu ya pamba, ile minene ya kujifunika, kama aliyokuwa nayo marehemu mama yake kule Tabora. Amesikia kwamba nilipokuwa msichana misheni tulishona mifarishi. Yeye ana cherehani mbili, moja ya mkono na moja ya miguu. Nikimshonea mifarishi yake mitatu, cherehani moja ni yangu.

“Chagua mwenyewe, Mama Apolonia,” kaniambia. “Kajaribu kwanza. Ikikushinda rudisha, uchukue ile nyingine. Ila harusi yangu usiicheleweshe.”

Mimi, mwenye cherehani! Nimerudi kwa miguu toka mjini na wala sikuliona jua.

4 Juni

Tumevuna tangu alfajiri. Mgongo si wangu.

6 Juni

Nimechagua ya miguu. Nikiulizwa nitasema ni kwa sababu inaacha mikono yote miwili huru, na hilo ni kweli. Lakini daftari nisilidanganye. Nimechagua ya miguu kwa sababu ina meza na magurudumu ya chuma, na Shigela mume wangu alipoileta kwa mkokoteni wa ng'ombe kijiji kizima kilisimama barabarani kuitazama. Milembe jirani yangu alishika kiuno akasema, “Sasa huyu hatutamweza.” Nilijifanya sikusikia. Nilisikia vizuri sana.

Tatizo ni nyumba. Nyumba hizi za kijiji kipya tumezijenga haraka haraka mwaka jana, tulipoambiwa wote tusogee barabarani tuishi pamoja. Sakafu ni udongo wenye mabonde. Cherehani inayumba, nimeitilia vigae chini ya miguu. Sebule imejaa, tunapita ubavu ubavu.

Kipo chumba kimoja kitupu, kile cha nyuma. Shigela alimjengea mama yake, Mayu Nyanjige. Lakini mayu hataki kuhama. Amebaki kwenye mji wetu wa zamani, kule tulikohama, mwendo wa saa nzima, peke yake na kuku sita, kwa sababu baba mkwe wangu, mzee Luhaga, amezikwa pale pembeni ya zizi. Ng'ombe wenyewe tumeshawahamisha. Kila baada ya siku moja nampelekea unga na maji, mavuno au si mavuno. Naandika wazi, kwa kuwa hajui kusoma: yule bibi kichwa chake ni jiwe, na amenichosha.

9 Juni, Jumapili

Sindano tatu zimevunjika baada ya misa.

Nilishona vipande vya juu vizuri, chini nikaweka marekani, katikati nikatandaza pamba fifi, ile ya daraja la pili tunayoitenga na safi. Nikakanyaga. Ka! Nikaweka sindano nyingine. Ka! Mpaka ya tatu ndipo nikaingiza vidole nikagusa. Mbegu. Pamba imejaa mbegu.

Misheni pamba ilikuja ndani ya karatasi ya buluu, nyeupe, laini, na hata siku moja sikujiuliza nani aliyeitoa mbegu. Nimezaliwa ndani ya pamba, nimebebwa mgongoni shambani kwa pamba, leo nimesahau kwamba pamba ina mbegu. Nimecheka peke yangu mpaka Shigela akachungulia.

11 Juni

Nilimsimulia mayu habari ya sindano, kisa cha kupitishia muda tu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

“Hukutoa mbegu?”

“Zinatolewaje, mayu? Kwa kidole kimoja kimoja nitamaliza mwakani.”

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha chuma, mwiba wa mkuki wa zamani, na jiwe bapa. Akaweka pamba juu ya jiwe, akaviringisha chuma kama mtu anayesukuma chapati. Mbegu zikaruka mbele, pamba ikabaki nyuma. Kisha akaichapa kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikafumka kama povu.

“Bibi yangu alikuwa anasokota nyuzi,” kasema. “Kabla hamjaletewa nguo za madukani. Lete hiyo fifi yako.”

Miaka kumi na nane nimekuwa mkwe wake. Sikujua.

12 hadi 16 Juni

Asubuhi shamba, mchana mbegu kwa mayu. Tukifika kwenye kikapu cha tatu tunaacha kuongea na kazi inakwenda yenyewe.

18 Juni

Pigo jingine. Mfarishi ukishawekwa pamba hauingii chini ya mkono wa cherehani. Nikiukunja unakwama, nikiusukuma uzi unakatika. Nimekumbuka sasa masista walivyofanya: mashine iliunganisha vipande na kukunja pindo tu. Unene wenyewe ulishonwa kwa mkono, mfarishi ukiwa umekazwa kwenye fremu, boriti mbili ndefu na mbili fupi, wasichana tumekaa pande zote.

Kwa hiyo nimekimbilia cherehani, na kazi iko kwenye fremu. Kesho naenda kwa Constantine seremala.

25 Juni

Fremu imekuja. Ndefu kuliko sebule. Nashonea nje, kivulini mwa ukuta, na upepo unaniletea vumbi.

2 Julai

Fremu imepinda. Asubuhi nimeukaza tena mfarishi wa kwanza, kufika jioni pembe moja imeinuka, nguo imevutika upande, mistari yangu yote imekwenda kombo. Nimefumua kazi ya siku nne.

Nilimwendea Constantine kwa hasira. Hakubisha. Alipitisha kiganja kwenye ubao akatikisa kichwa.

“Mama, mbao hizi juzijuzi zilikuwa mti. Upepo huu wa kiangazi unazikausha, lazima zijikunje. Fremu inataka mti uliokauka miaka. Mninga, tena wa zamani.”

“Nitaupata wapi?”

“Kama ule ulioko kwenye nyumba ya mzee Luhaga,” akasema, akaendelea kupiga randa. Alisema bila ubaya wowote. Lakini neno lenyewe nimekuja nalo mpaka nyumbani.

5 Julai

Mkutano wa kijiji. Imetangazwa kwamba nyumba zote za zamani zitabomolewa Jumatatu tarehe tano Agosti, watu waache kwenda na kurudi. Kila balozi wa nyumba kumi atasimamia za kwake. Shigela ndiye balozi wetu. Alikuwa amekaa mbele, nikamwona anavyoitazama mikono yake.

7 Julai, Jumapili

Padri alihubiri nisijue nini. Mimi nilikuwa nahesabu boriti. Nyumba ya mzee Luhaga ina boriti nane za mninga, alizileta kwa ng'ombe kutoka mbali, watu bado wanazitaja. Nyumba itabomolewa, hilo nimesikia kwa masikio yangu. Boriti zitaangushwa chini, na atakayewahi atazipasua kuni za kupikia. Je, si afadhali zije kwangu? Nimejiuliza hivyo tangu kwenye Utukufu mpaka kwenye Komunyo, na kila mara nimejijibu ndiyo.

10 Julai

Leo nimefanya jambo, na nitaliandika lote.

Nilifika kwa mayu saa nne. Alikuwa hayupo, nikasikia jembe nyuma ya zizi, nikajua anapalilia kaburi la mzee, kung'oa magugu. Nikaweka unga chini. Mfukoni nilikuwa na kamba ya katani niliyoifunga mafundo kwa vipimo vya Constantine, fundo moja kwa ndefu, moja kwa fupi. Ningeweza kumsubiri. Ningeweza kumwambia. Sikumsubiri. Niliingia, nikapanda juu ya kinu, nikaanza kunyoosha kamba kwenye boriti ya kwanza.

Mninga ule umeiva kwa moshi mpaka unang'aa. Hauna ufa hata mmoja. Nilijisikia raha, niseme kweli, raha ya mtu aliyeokota kitu.

Boriti ya tatu iko juu ya kitanda chake. Ili kuifikia ilibidi nishuke na nivute kamba kuanzia ukutani, sambamba na kitanda, kichwani mpaka miguuni. Nilikuwa nimeinama hivyo juu ya ngozi anayolalia, kamba mkononi, niliposikia kimya. Jembe lilikuwa limenyamaza zamani. Niligeuka. Amesimama mlangoni.

Sisi mtu hupimwa kwa kamba siku moja tu, na siku hiyo mwenyewe hasikii. Wachimbaji wanapima maiti kitandani, wanafunga fundo, wanakwenda nayo kaburini. Mafundo yangu yalikuwa yananing'inia.

“Felisita,” akasema. Hajawahi kuniita jina langu. Huniita ng'wanawane, mwanangu. “Unanipima?”

“Hapana, mayu! Napima boriti.”

“Boriti ya nini?”

Nikaeleza. Nilieleza vibaya, harakaharaka, fremu, mbao mbichi, harusi ya mjini, na kwa kuwa maji yalishanifika shingoni nikamalizia na lile la mwisho, kwamba nyumba itabomolewa tarehe tano kwa vyovyote.

Alikuwa hajaambiwa. Shigela hajamwambia. Nimemwambia mimi, na kamba mkononi.

Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, akapangusa udongo wa kaburini kwenye magoti yake. Baadaye akasema, “Chukua unga wako.”

“Mayu—”

“Chukua.”

Nimerudi nao wote. Uko jikoni. Nina aibu, na naandika neno hilo kwa herufi kubwa nijue kwamba limo: AIBU.

12 Julai

Nilikwenda. Mlango umefungwa kwa ndani. Nimeacha maji nje.

14 Julai

Maji yapo palepale. Kuku wamekunywa.

16 Julai

Amemruhusu Milembe ampelekee unga. Angalau anakula.

19 Julai

Rehana ametuma ujumbe: mifarishi imefikia wapi? Nimejibu inakwenda. Haiendi. Cherehani nimeifunika kwa khanga, nikipita ubavu inanigonga kiuno.

22 Julai

Nimemwambia Shigela kila kitu. Nilidhani atanikasirikia. Aliacha kula tu, akanawa.

“Mimi ndiye nitakayevuta ile nyasi ya kwanza ya paa,” akasema. “Wananiambia balozi aoneshe mfano. Nimekwenda kwa mama mara nne tangu mkutano, na mara zote nne tumeongea habari za kuku.”

Mume wangu mtu mzima ana mvi. Nilimwona leo kama mtoto aliyetumwa kitu asichoweza. Na mimi nilikuwa nahesabu boriti kanisani. Siku zote nimesema mayu ana kichwa cha jiwe. Yeye peke yake kati yetu watatu ndiye hajaficha chochote.

27 Julai

Nilikwenda bila unga na bila maji. Nilichukua jembe. Sikuenda mlangoni, nilipitiliza moja kwa moja nyuma ya zizi nikaanza kung'oa magugu kaburini, upande ambao alikuwa hajaufikia. Baada ya muda mrefu akaja akasimama.

“Mwangaluka, mayu,” nikamwamkia.

“Mwangaluka. Mhola?”

“Mhola duhu.”

Salamu tu, ya kila siku, lakini nusura nilie.

“Mayu, boriti sizitaki. Cherehani nitairudisha mjini. Nilikuja kupima kabla ya kuomba, na ningeomba bado lingekuwa kosa. Niliingia nyumbani mwako kama mwizi.”

Akainama, akang'oa na yeye. Tulimaliza kaburi lote. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na magugu:

“Shigela ndiye atakayebomoa?”

“Ndiye.”

“Yeye mwenyewe anajua kwamba najua?”

“Sasa anajua.”

“Basi aje siku hiyo asubuhi mapema, kabla ya watu. Nawe uje naye. Na kamba yako uje nayo.”

Nilitaka kuuliza. Alishaanza kuondoka.

30 Julai

Pamba ya mwisho imetoka shambani. Mbaya mwaka huu, mvua ilitunyima. Sina la kusema zaidi.

5 Agosti, Jumatatu

Tulifika jua likichomoza. Kulikuwa na baridi, nyasi za paa zimelowa umande. Mayu alikuwa ameshatoa vitu vyake nje: ngozi, chungu, kinu, jiwe bapa na kile chuma chake, kuku wamefungwa miguu. Alikuwa amevaa kaniki mpya.

Shigela alisimama mbele ya nyumba alimozaliwa. “Mama,” akasema.

“Nipe mkono nipande,” mayu akamwambia.

“Upande wapi?”

“Nyumba hii alinijengea mume wangu. Haibomoi serikali, wala wewe. Naifungua mimi.”

Alipanda juu ya kinu, mwanawe amemshika kiuno, akanyoosha mkono akavuta shada la kwanza la nyasi mlangoni. Akalishika kidogo, akalitupa chini. “Haya,” akasema. “Sasa endeleeni.” Shigela alilia waziwazi, na alipanda juu ya paa huku analia, na kazi ikaenda.

Watu wa kijiji walipofika saa tatu walikuta paa limeshashuka. Boriti nane zilikuwa zimelazwa uwanjani. Mayu alizipitia moja moja, akizigusa kwa kiganja, namna ileile Constantine anavyogusa mbao.

“Hii aliikata mwaka aliozaliwa Shigela. Hii ina fundo, itakusumbua. Hii ilikuwa juu ya mlango, imepinda tangu zamani, nilimwambia akakataa. Felisita, kamba iko wapi?”

Nikaitoa. Nilikuwa naogopa hata kuifungua.

“Pima. Sasa nakuona.”

Nilipima mbele yake na mbele ya watu wote. Alichagua nne mwenyewe, mbili ndefu, mbili za kukata fupi. Nyingine alimwachia Shigela aweke uzio kuzunguka kaburi. Kisha akapanda kwenye mkokoteni, akaketi juu ya boriti zake, kuku mapajani.

“Nazifuata,” akawaambia watu, kama vile waliuliza. “Msidhani nafuata barabara yenu.”

7 Agosti

Amelala siku mbili kwenye chumba cha nyuma. Anatazama paa. Paa letu ni la miti myembamba, ya kuungaunga. Shigela anapita mlangoni anakohoa.

10 Agosti

Constantine amekuja na fremu. Imenyooka mpaka yeye mwenyewe anaizunguka anaisifu. Hakuipaka rangi, nilimkataza, moshi wa miaka yote ule uko palepale.

Fremu hii nayo haiingii sebuleni. Na nje vumbi. Mayu alisikiliza tunavyobishana, kisha akaita kutoka chumbani kwake: iletwe huku. Inaingia! Lakini ikiingia yeye hana pa kulala. Ndipo nikakumbuka jinsi masista walivyokuwa wanafanya jioni, chumba cha kushonea kikigeuka bweni. Shigela amefunga kamba nne juu kwenye nguzo za kuta, kila pembe moja. Mchana fremu inashuka, tunaketi pande zote. Jioni inapandishwa juu na mfarishi wake.

Kabla ya jioni tulikuwa tumeshona mistari mitano. Yote imenyooka.

13 Agosti

Nimeirudisha cherehani ya miguu. Rehana hakuamini.

“Mama Apolonia! Hii watu wanaililia, wewe unataka kale kadogo?”

“Kale kadogo.”

Kanakaa chini kwenye mkeka, kando ya fremu. Kwa mtu mmoja ni kazi kweli, mkono mmoja unazungusha, mmoja unaongoza nguo. Lakini hatuko mmoja. Mayu anazungusha mpini, mimi mikono yangu yote miwili iko kwenye kitambaa. Anazungusha haraka mno. Nikimwambia polepole anasema masista walinilea vibaya.

17 Agosti

Milembe na wanawake wengine wawili wanakuja kushona mchana. Wanamwamkia mayu kwanza, kwa kuwa ni chumba chake, ndipo wanakaa. Mfarishi wa pili umekwisha.

24 Agosti

Mitatu imefika Bariadi. Rehana aliukunjua wa kwanza barazani, akaupitisha shavuni. Kisha kamwita Mwanaasha aje aone. Cherehani ni yangu.

26 Agosti

Ukurasa umebaki mmoja, na pamba ilikwisha zamani.

Leo tumeanza mfarishi wa nne, nao hauna mteja. Ni wa mayu, aache kulalia na kujifunikia ngozi. Saa kumi na mbili jioni wanawake walipoondoka, mimi na Shigela tulivuta kamba, fremu ikapanda, tukazifunga. Mayu alikuwa ameshajinyoosha kitandani, hasubiri tumalize.

Nilimuuliza kama uzito ule juu yake haumtii hofu, kwamba tunaweza kuutundika upande mwingine.

Alikuwa anatazama juu. Mninga mweusi kwa moshi, boriti nne, palepale zilipokuwa zinakaa juu ya kichwa chake miaka yote ile.

“Ng'wanawane,” akasema, “Luhaga alizifunga vibaya kuliko hivi, na hazikuwahi kuniangukia. Zima taa.”